Kikombe Kilichoinuliwa

Kwa maafisa wa Kichina, mwenyeji akiinua kikombe cha chai, mgeni huaga. Hakuna anayefukuzwa kwa mdomo.

Asubuhi ile Shen Boqian, afisa wa mapatano ya reli, alimwinulia kikombe mjumbe wa kigeni. Mjumbe naye akainua chake, akanywa, akajifuta masharubu. "Chai tamu hii," akasema, kisha akapiga mstari wa reli kwenye ramani, juu ya kilima cha makaburi. Kumwambia mtu mzima atoke ni utovu wa adabu, basi Shen akaitia ramani muhuri wa kukubali.

Mchana akaja Mwalimu Tao, aliyemfundisha kusoma, amesikia habari ya kilima.

"Nilimwinulia kikombe, Mwalimu. Hakutoka."

"Kwa hiyo, mwanangu, ukamwachia kaburi la mama yako?"

Uso ulimwaka Shen. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kikombe, ukakiinua.

"Mgeni anaondoka!" mtumishi akanadi mlangoni, kama kawaida.

Mzee akasimama, chai yake hajaigusa, akainama hadi kiunoni. "Ahsante kwa kunipokea, Mheshimiwa."

Shen akabaki na kikombe mkononi. Asubuhi kilishindwa kumtoa mgeni. Sasa kimemtoa mtu wa kwao.