Alama ya Kabati

Jirani yetu mshonaji anasema kaka yangu alilala usingizi juu ya mtu. Si kuzirai, anasema, usingizi kabisa, na waliokaa nyuma walimsikia akikoroma. Yeye hakuwepo. Alikuwa kwenye cherehani yake akigeuza kola, lakini habari akishaishona haifumuki.

Mimi nilikuwepo, nimekalia ndoo niliyoipindua, daftari mapajani. Kazi yangu pale ukumbini ni kufuta mikeka ya mazoezi. Kuandika alama kulikuja baadaye, kocha alipoona naangalia mpaka mwisho na sipigi kelele. Wale wa uzito wa juu, wanaopigana ngumi, mateke na mieleka vyote pamoja, nawapa alama juu ya kumi: mikono, pumzi, akili. Kocha ananiita Karani. Shule niliishia ya msingi, lakini anasema waliosoma sana humjazia karatasi maneno, na yeye anataka namba.

Wazito tunao wawili tu: kaka, wanayemwita Kabati, na mwenzake Kontena. Mmoja ndiye atakayepelekwa mashindanoni, na daftari langu ndilo litakaloamua. Mpaka juzi walikuwa wamelingana, hakuna aliyemzidi mwenzake hata alama moja.

Jana kaka alimwangusha Kontena, akamlalia, akambana shingo. Macho yalishamtoka Kontena. Mkono wake ukawa unapapasa pa kushika, ukatua begani kwa kaka mara mbili, taratibu. Pa, pa. Kaka akaachia, akajiviringisha upande wa pili. Kontena akainuka, akamaliza kazi.

"Alikugonga kukubali kushindwa?" kocha akamuuliza.

"Hapana."

"Sasa ulimwachia nini?"

"Sijui, kocha. Mwili umegeuka wenyewe."

"Kabati limejifungua mlango," Kontena akasema huku akisugua shingo. Watu wakacheka, na kaka naye akacheka.

Mimi sikucheka. Tangu utoto tunalala chumba kimoja, pazia katikati. Akikoroma, napitisha mkono chini ya pazia, namgonga begani mara mbili. Anageuka upande wa pili bila kuamka. Miaka yote hiyo kumbe nilikuwa namfundisha.

Leo kocha atapitia daftari kabla ya mazoezi. Mikono nimempa kaka tisa, pumzi tisa. Imebaki akili. Kontena kwa jana ana ishirini na nne: kaka akipata saba anakwenda yeye, akipata sita wanalingana, na anakwenda Kontena aliyeshinda pambano. Mtu aliyemwachia mwenzake akiwa ameshamshinda, ukimpa sita umemhurumia.

Asubuhi, kaka akiwa bado kajilaza kitandani, nilimweleza habari ya pazia. Alinitazama, kikombe cha chai kimewekwa kifuani kama kwenye meza.

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwako," akasema.

"Nisamehe, kaka."

"Nikusamehe nini? Bila wewe nyumba nzima isingelala." Akanywa kidogo. "Ila hiyo akili, ukiangalia vizuri, si yangu peke yangu. Nusu ni yako. Utajinyima alama mwenyewe?"

"Kocha ananiamini."

"Najua. Ndiyo maana siombi kumi. Saba tu, mdogo wangu."

Nikafungua daftari magotini, nikatoa kifuniko cha kalamu. Kaka akaweka kikombe chini, akageukia upande wa pili, asione naandika nini.