Meza ya Bwana Wuori

Kabla ya kikao cha kwanza Bwana Wuori alipanga viti vitano kuzunguka meza ya duara. Yeye ndiye msuluhishi, na kwake viti vilikuwa nusu ya kazi: mume na mke wasikae wakitazamana kama majogoo, kila mmoja awe na wakili wake ubavuni, Ardis aingie kwanza, Verlyn afuate kahawa ikishamiminwa. Katikati aliweka keki ya ndizi. Huko Duluth, kaskazini mwa Marekani, kipande cha mwisho hakichukuliwi na mtu; hukatwa nusu, na nusu ya nusu, mpaka ibaki chembe ya kumpa ndege.

Ardis Halvorsen alikubali talaka ya mezani badala ya mahakamani kwa sababu moja tu. Kanuni yake ilitaka wanandoa waambiane wenyewe, mawakili wasiwasemee. Kila majira ya baridi tangu waoane, mumewe Verlyn alikwenda kuvua samaki juu ya barafu ya ziwa, akamwacha na redio. Upweke ulimkaa mpaka kwenye mifupa. Alitaka kumuuliza swali moja, ajibiwe. Nyumba, gari, hata mbwa, achukue tu.

Kikao cha pili, meza ilikuwa imepanuka. Bwana Wuori aliomba radhi, akasogeza viti. Cha tatu, ukuta wa upande wa Verlyn haukuonekana tena, na katikati ya meza palikuwa pameganda barafu. Bi Roeder, wakili wa Ardis, alipendekeza watu waje na buti. Wakili wa Verlyn hakuwa na pingamizi. Jambo hilo likaingizwa kwenye ajenda, chini ya mgawanyo wa vyombo, na kahawa ikawa inavutwa kwa kamba juu ya ubao unaoteleza kwenye barafu mpaka upande wa Verlyn.

Siku ya kutia saini Verlyn alikuwa mbali, mdogo kama kidole gumba. Alikuwa ametoboa barafu, ametumbukiza ndoano, amekalia ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwao. Wakili wake alisimama kando akipuliza viganja.

"Haya, Bi Ardis," alisema Bwana Wuori. "Mwambie mwenyewe."

Ardis alisimama. Swali hilo alikuwa amelifanyia mazoezi jikoni, akiliambia birika.

"Verlyn! Miaka yote hiyo ukiwa huko, uliwahi hata siku moja kunikumbuka?"

Sauti ilikwenda polepole juu ya barafu. Wakasubiri. Bi Roeder alimshika mkono. Jibu lilirudi kwa mwendo uleule, halina ukali hata kidogo.

"Ardis, punguza sauti basi. Unawafukuza samaki."

Bwana Wuori aliandika kwamba wahusika wamezungumza moja kwa moja, kama kanuni inavyotaka. Hati ilipelekwa kwa ule ubao, ikarudi na saini, imelowa kidogo. Verlyn hakugeuka.

Keki ilibaki kipande kimoja. Bi Roeder alishika kisu ili akigawe. Ardis alikichukua kizima kwa mkono, akakila amesimama, polepole, mpaka kikaisha, na hakuna aliyemtazama.