Mazishi ya Gedion Ambaye Hakuwahi Kuzaliwa

Tulikuwa tumeshatoka Shika Adabu, huku Likoni, jeneza limelala kwenye pikapu na sisi watu tisa tumelizunguka, Gladys alipoanza kulia kabla ya wakati. Tulikubaliana alie tukifika kwenye kizuizi cha polisi, si pale mbele ya kinu cha mahindi, lakini Gladys akiketi karibu na jeneza hajizuii. Watu wakatoka madukani wakavua kofia. Mama mmoja tusiyemjua akadandia pikapu, akalia naye.

Ndani ya jeneza hamkuwa na mtu. Mlikuwa na picha.

Ilichorwa na Kafedha, yule anayeandika mabango ya saluni na vinyozi kuanzia Likoni mpaka Kisauni. Ni kitambaa cha amerikani, urefu hatua nane, kimeviringwa kwenye mti. Amechora meza ya karamu, na wakubwa wa upande wetu wamekaa wanakula: mmoja ana uwanja wa mpira kwenye sahani, mwingine anafyonza bomba la maji kama mfupa wa supu, wa tatu anajipakulia zahanati kwa upawa. Sura ni zao hasa, hata chunusi hakuwasamehe. Mara ya kwanza alipoitundika, Changamwe, polisi waliichana. Akaichora upya, wakaichoma, naye wakamweka ndani siku tatu. Mkubwa wa serikali wa upande wetu, Bwana Erastus, akamwambia akishika brashi tena atajuta. Hii ilikuwa ya tatu. Aliichora na mkono ambao haujapona tangu atoke kule ndani, akaniambia ya nne haiwezi. Isipoonekana hii, basi.

Watu walikuwa wanamngoja na picha yake Mishomoroni, uwanja wa kanisa, na barabara yote ya kwenda feri magari yanapekuliwa. Jefwa, fundi wa majeneza, ndiye aliyesema polisi hufungua buti, hufungua magunia, ila wa kufungua jeneza hajamwona. Mimi nikapewa kuwa baba wa marehemu kwa kuwa nimezurura sana na hakuna Likoni anayejua nina watoto wangapi. Hata mimi sina hakika.

Kizuizini askari akauliza marehemu anaitwa nani. Hilo hatukulipanga. Nikasema Gedion, jina la kwanza lililonijia. Akatupa pole, akainua mkono tupite, na tungepita, lau Kafedha asingeazima kipaza sauti cha kwaya akakifunga juu ya pikapu ili tuonekane msiba wa haja.

Maana Bwana Erastus alikuwa ndani ya gari lake, kando ya barabara. Na kwetu sisi, mkubwa wa serikali akiona jeneza, watu na kipaza sauti mahali pamoja, miguu humshusha yenyewe. Akafunga vifungo vya koti, akanipa pole kwa mikono miwili. Kafedha alikuwa amejitanda leso mpaka puani asijulikane, mabega yanamtikisika. Alikuwa anacheka.

"Gedion nilimjua," Bwana Erastus akaanza. "Gedion alikuwa kijana wangu."

Nikamwitikia kwamba ni kweli, mtoto alikuwa akimtaja sana. Sijui nani alinituma. Akahutubia robo saa nzima. Alisema Gedion alikuwa msema kweli asiyeogopa mtu, na vijana wa leo wangefuata nyayo za Gedion nchi ingekuwa mbali. Kisha akauliza tunazika wapi, na Jefwa, badala ya kunyamaza, akamjibu Mishomoroni, mheshimiwa, huko watu ni wengi mno wanasubiri.

Hilo la wengi mno likatumaliza. Bwana Erastus akasema hawezi kumwacha kijana wake aende peke yake. Akatutangulia na king'ora. Foleni ya feri ikagawanyika, malori yakasogea, tukapanda mbele ya dunia yote.

Kwenye feri nikamsogelea Kafedha. "Tugeuze? Tuseme tumesahau kibali cha kuzika."

"Mimi na picha hii haturudi Likoni, babu."

"Bwana Erastus atakuwa amesimama pale pale."

"Basi aione yeye kwanza. Ndiye niliyemchora vizuri kuliko wote."

Mishomoroni watu mia kadhaa walikuja kutazama picha, wakasikia king'ora, wakaona jeneza. Wengine wakadhani Kafedha ameuawa, wakaanza kulia kwelikweli. Bwana Erastus akafurahi kwa wingi wao. Akatangaza kwamba kila mtu atapita kumuaga Gedion kwa mstari, bila kusukumana, naye atakuwa wa kwanza.

Jefwa akanitazama. Mimi nikamtazama Kafedha. Akaivua leso.

"Mfungulie, Jefwa."

Bwana Erastus akainama, kofia kifuani, akakaa ameinama vile vile. Jefwa na wanakwaya wa pale wakakichomoa kitambaa, wakakikimbiza kwenye ukuta wa kanisa, wakakipigilia misumari. Kikafunguka pole pole: uwanja, bomba, na mwisho wa meza yule wa zahanati, kitambaa shingoni, upawa mkononi. Bwana Erastus alikuwa bado ameshika maikrofoni ya kile kipaza sauti. Uwanja mzima ukamsikia akisema kwa sauti ndogo:

"Huyu ni mimi."

Kicheko kilianzia kwa askari wake mwenyewe. Gladys alicheka mpaka akaketi chini. Na kwa kuwa mkubwa alishatangaza mstari, watu wakapanga mstari, wakapita mbele ya picha mmoja mmoja na simu zao, wengine wakimpa yeye mkono wa pole. Ilichukua saa nzima na ushei.

Kafedha alikamatwa Jumatatu, akaachiliwa kwa dhamana. Kesi yake imeahirishwa mara sita. Picha iko stoo ya polisi kama kielelezo, na kila mwenye simu Mishomoroni anayo. Bwana Erastus alihamishwa, wanasema bara. Jefwa alihojiwa siku moja, akarudi kazini. Gladys anauza viazi karai hapo hapo Shika Adabu. Mimi niko Vanga, mpakani, kwa sasa.