Kumpita Mkwe Korongoni

Mbio za parokia mwaka ule wa 2005 zilianzia lango la msitu, ng'ambo ya Kitale, zikapanda Mlima Elgon kupitia korongo. Kushoto jabali, kulia kijito chenye mawe ya kuteleza. Nilikuwa nimefanya mazoezi tangu tuvune mahindi, majirani wa Ndalu wakinicheka. Ati nyanya mzima anakimbilia wapi?

Katikati ya korongo nikamwona Barasa, mume wa binti yangu Nafuna, akihema mbele yangu kama fahali wa plau. Hasira zikanipanda. Kwetu Wabukusu mama mkwe hagusani na mkwe wake hata bega. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Sasa hapa kichaka kiko wapi?

Jirani yangu Jepkosgei akaniita kutoka nyuma, "Mama Nafuna, si umfuate tu polepole, bana! Huyo ni mkwe wako!"

Polepole? Nikaruka kijitoni. Maji yalinifika magotini, baridi ikanikata miguu. Nikaanguka, nikainuka goti likitoka damu, nikaendelea kupanda humo humo majini.

Barasa aliposikia maji yakichapwa, aligeuka kidogo, akanitambua. Papo hapo akalielekea jabali na kufunika uso kwa kofia, kama mkwe mwenye adabu.

Nikampita.

Jioni alimwapia Nafuna kwamba hakuona mtu yeyote akimpita. Nilimpa Nafuna viatu vyangu, bado vikichuruzika maji, akavianike mlangoni kwao.