Fundi Ngazi na Beseni la Mlangoni

Mume wangu ni fundi wa ngazi za chuma, na hakuna mteja anayeondoka na ngazi yake bila kuhubiriwa: usisimame kwenye kipandio cha juu, usipande na kandambili, tafuta mtu akushikie. Nyumbani kwetu ngazi hakuna. Mganga hajigangi, na wangu ndiye mwenyekiti wao.

Binti yetu alipokaribia kutuletea mjukuu wetu wa kwanza, mzee aliweka beseni na sabuni mlangoni. Anayetaka kumbeba mtoto anawe mikono yote miwili mpaka viwikoni. Vijidudu, alisema, havibishi hodi. Jirani aliyekuja kuazima chumvi naye alinawishwa, na mtoto hata hajafika. Mwenyewe alikuwa anahesabu siku. "Mke wangu anakuja, nitakuwa wa kwanza kumbeba." Nikamwambia sawa, ila huyo mke mwenzangu ampikie mwenyewe.

Asubuhi ya siku yenyewe akaona utando wa buibui darini. Ungeweza kumdondokea mtoto. Akapandisha stuli juu ya meza, naye akapanda juu ya stuli, kandambili miguuni.

"Mzee, si karakana imejaa ngazi?"

"Dakika moja tu, mama watoto. Ya nini kuhangaika?"

Stuli ikateleza. Nashukuru aliangukia kochi, ila mkono wa kushoto ulitangulia. Kwenye zahanati wakamfunga bendeji toka vidoleni mpaka kiwikoni, wakasema isiloe. Tulipofika nyumbani nikamgombeza mpaka sauti ikanikauka.

Saa tisa binti yetu akaingia na mtoto. Mzee akasogea, akanyoosha mkono mmoja.

"Baba, umenawa yote miwili?"

Akaangalia beseni, akaangalia bendeji. Sheria ni yake, wa kumlalamikia hakuna. Machozi yakamlengalenga, na mimi hasira zote zikaniisha. Nikamnawisha mkono mzima kidole kwa kidole, ule mwingine nikauvika foronya safi, nikamkalisha kwenye kochi na kumwekea mtoto mapajani. Akatulia kabisa.

Utando ulikuwa bado unaning'inia. Aliutazama, akaniita kwa sauti ya chini.

"Mama watoto, kesho waambie karakana walete ngazi moja hapa."

"Si zote zina wenyewe?"

"Wenyewe watasubiri. Nikianguka tena, huyu atabebwa na nani?"

Mimi na binti yangu tulikuwa na mikono minne, yote mizima. Hata hivyo nikachukua simu, nikawapigia karakana siku hiyo hiyo.