Orodha ya Nywila za Katibu

Katibu wa shule alikuwa mwerevu kupita kiasi. Wenzake walihangaika kukariri nywila zao. Yeye aliziandika zote kwenye simu, moja chini ya nyingine, na juu akaweka kichwa: NYWILA ZOTE. Mwizi asije akapata tabu ya kutafuta. Simu yenyewe hakuifunga, maana kuifungua mara mia kwa siku kunachosha vidole.

"Dada, weka hata namba nne tu," mwalimu wa hesabu alimsihi.

"Mwalimu, nani ana haja na simu yangu? Kwani mimi waziri?"

Jumamosi moja alikwenda saluni kusuka. Chaji ilikuwa imekwisha, akampa msusi simu aichomeke ukutani, karibu na benchi la wanaosubiri. Akainamishwa kichwa, akaanza kuwasema watu. Kwa saa tatu simu ilikaa pale kama kisima cha wote, na kwenye benchi alikaa binti wa darasa la mwisho la shule ileile, macho yake hayana kazi.

Wiki mbili baadaye matokeo ya mtihani wa majaribio yakatoka. Miujiza! Darasa zima lilipata zaidi ya tisini, pamoja na yule aliyekuwa bado anakosea kuandika jina lake. Mwalimu mkuu aliitisha kikao, akajisifu nusu saa nzima kwa uongozi wake bora. Katibu alipiga makofi kuliko wote.

Mwalimu wa hesabu hakupiga. Alisimama na karatasi mkononi.

"Mkuu, swali la saba nilikosea mwenyewe kwenye majibu ya kusahihishia. Badala ya ishirini na nne niliandika arobaini na mbili. Watoto wote wameandika arobaini na mbili."

Majibu yale yalikuwa kwenye barua pepe ya shule tu.

"Nywila yake unaiweka wapi?" mkuu akamgeukia katibu.

"Kwenye simu, mkuu. Lakini ni simu yangu binafsi."

Mkuu akamnyang'anya simu, akafoka mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha akaona nywila yake mwenyewe, ya tatu kwenye orodha, na sauti ikashuka ghafla. Akaamuru mtihani urudiwe, katibu apige chapa karatasi zote upya.

Kesho yake yule binti wa saluni alibisha hodi ofisini kwa katibu.

"Mama, ni mimi. Kule saluni nilitaka kuangalia saa tu kwenye simu yako, nikakuta iko wazi, na nywila zote zimepangwa. Majibu nilimpa rafiki yangu mmoja, nikamwambia asimwambie mtu."

Katibu alikuwa ameyaandaa matusi tangu jana. Yakamkauka mdomoni. Akavuta kiti, akaketi, akatazama rundo la karatasi za kupiga chapa upya.

"Twende kwa mkuu," alisema hatimaye.

Wakaongozana kuelekea ofisi ya mkuu, vichwa vimeinama, na waliowaona hawakujua nani kati yao anampeleka mwenzake.