Upande wa Kushoto wa Ulimi

Mwanga hushuka mtaa wa Gerezani taratibu: unagusa mabati, unagusa rundo la gia zilizolowa oili, kisha unatua juu ya mvuke wa supu. Ndani ya mvuke ule Severine alikuwa mfalme. Tone moja kiganjani, ncha ya ulimi, kisha hukumu: iko sawa. Mafundi wakanywa kwa neno lake.

Ndipo likang'olewa gego lake la mwisho, na mshipa wa fahamu wa ulimi ukakatika. Upande wa kushoto wa ulimi ukalala usingizi wa jiwe. Mshipa ukaunganishwa kwa upasuaji, kwa uzi mwembamba kuliko unywele, na daktari akasema: subiri. Severine na kusubiri, wapi na wapi? Mwezi wa tatu baada ya upasuaji alikuwa amerudi sufuriani. Akaonja, akatia chumvi. Akaonja, akatia tena.

"Kaka, imezidi," alisema Rachel, mdogo wake, anayepika naye.

"Wewe umejua kupika lini?" Alimtukana mbele ya mafundi wote, bakuli mikononi. "Ulimi wenyewe wa kulia makombo yangu." Wachache walicheka. Rachel aliinama akapangusa meza iliyokuwa safi.

Sasa ni mwezi wa nane. Severine yuko kwenye kiti cha kliniki, mtaa wa Mchafukoge, macho kafumba, ulimi nje. Rachel, aliyemsindikiza, kakaa karibu na mlango. Daktari Candida ana kipande cha pamba kilichosokotwa ncha. Akiguswa akahisi, ainue mkono.

Anasikia kiatu kikisogea, anainua mkono. Nimehisi. Anasikia koti likichakacha, anainua mkono. Nimehisi. Ewe kiburi, masikio yako makali, ulimi wako gogo!

Kimya. Severine anainua mkono.

"Hapo sijakugusa," anasema daktari. Hasemi kwa ukali. Afadhali angefoka.

Linakuja tone, kushoto. "Maji," anasema Severine. Linakuja tone, kulia, na chumvi inamng'ata.

"Yote mawili yametoka chupa moja."

Anangoja kicheko kutoka mlangoni. Kicheko hakiji. Kinachokuja ni miezi mitano ya asubuhi, bakuli kwa bakuli, na meza ile iliyopanguswa ikiwa safi. Ulimi umekufa nusu, lakini uso mzima unawaka. Hakuna pa kuuweka.

"Turudie, daktari," anasema. "Sasa nitasema kweli."

Wanarudia. Mkono unakaa gotini. Unakaa. Unakaa. Mara moja tu, pembeni kabisa, kitu kama sisimizi juu ya blanketi zito.

"Sina hakika," anasema Severine, na hajawahi kulisema neno hilo maishani.

"Hilo ndilo linalonisaidia," anasema daktari, akiandika. "Fahamu zinarudi. Kidogo. Ila kuonja, bado."

Njiani, kwenye kelele za Kariakoo, anamwambia mdogo wake, "Nisamehe, Rachel."

"Ulinitukana wapi, kaka?"

"Gerezani."

"Haya."

Anatangulia kuvuka barabara.

Kesho yake anangoja mpaka bakuli ziwe mikononi. Anaanza kwa sauti ndogo, yeye aliyezoea kuhutubia kijiwe kizima. "Supu ilikuwa na chumvi nyingi," anasema. "Rachel alisema kweli, mimi nikamtukana. Ulimi wangu hauonji."

Ansbert, fundi wa gia, anafuta mdomo. "Tulijua, bosi. Unadhani zile chupa za maji tulizokuwa tunakuja nazo ni za kunawia?"

Kijiwe kinaangua kicheko. Jibu linamjia Severine, kali, la vina na mizani, limeshafika kwenye meno. Analimeza. Walijua wote. Walikunywa, wakanyamaza, wakamwachia ufalme wake.

Mwanga umeshuka wote sasa, umejaa kijiwe, na hana mvuke wa kujifichia.

Rachel anaonja, anafunika sufuria. "Kaka, ndimu zimeisha. Kata nyingine."

Naye anavuta kigoda, anakaa chini ya macho ya watu, anakata ndimu.